Konyeza, matumbawe na anemoni wa baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majina kwanza. Pwani ya Afrika Mashariki konyeza huitwa pia yavuyavu, na wapo wanaomwita kiwavi kwa jinsi anavyowasha. Likiwa moja ni tumbawe, yakiwa mengi ni matumbawe. Anemoni hana jina la Kiswahili lililoenea pwani nzima, basi tumelitumia hilo la kisayansi. Viungo virefu vinavyozunguka mdomo wa wanyama hawa tumeviita minyiri, kama ya pweza, ingawa pweza ni wa ukoo mwingine kabisa.

Konyeza anaelea, anemoni ameng'ang'ania mwamba, tumbawe ni gumu kama jiwe. Kwa nini wanahesabiwa ukoo mmoja?

Kwa sababu ya silaha moja. Wote wana seli za kuwasha, na hakuna kundi lingine la wanyama linalozitengeneza. Wapo konokono wa baharini wasio na kombe wanaozitumia, lakini hao huziiba kwa kuwala wenye nazo. Ukoo huu unaitwa Knidaria na una zaidi ya spishi 11,000.

Ukiacha silaha, angalia umbo. Mnyama wa Knidaria ni mfuko wenye tundu moja tu. Chakula huingia hapo na uchafu hutokea hapohapo. Ukuta wa mfuko una tabaka mbili za seli, na katikati yake kuna ute mzito. Simamisha mfuko huo mdomo ukiwa juu, kitako kikiwa kimeshika mwamba, utapata polipu. Ugeuze mdomo chini, uongeze ule ute wa katikati, uuache uelee: ni medusa. Anemoni ni polipu mmoja mkubwa. Tumbawe ni maelfu ya polipu wadogo walioungana, wakajijengea nyumba ya chokaa. Konyeza ni medusa.

Kundi kubwa kuliko yote ni Anthozoa, la matumbawe na anemoni, ambao hubaki polipu maisha yao yote. Scyphozoa ndio konyeza wa kawaida, kama spishi 200 tu. Cubozoa ni konyeza-sanduku, wachache lakini wenye sumu kali. Hydrozoa ni mchanganyiko mkubwa wa viumbe vidogo, na humo wamo baadhi ya wale wanaowababaisha watu wakadhani ni konyeza au matumbawe.

Seli ya kuwasha inafanyaje kazi?

Ndani ya kila seli kuna kifuko kidogo sana, na ndani ya kifuko kuna uzi wenye tundu uliokunjwa. Mgandamizo ndani ya kifuko hufikia takriban mara 150 ya ule wa angahewa, zaidi ya mara 50 ya tairi la gari dogo. Nje ya seli kuna kinywele. Kikiguswa, tena na kitu chenye harufu ya kiumbe hai, kifuniko hufunguka na uzi hufyatuka kwa kugeuka nje ndani kama mkono wa shati, ukipenya na kumwaga sumu. Kwa Hydra, jamaa wa maji baridi aliyepimwa kwa kamera za kasi, mchomo wenyewe huchukua nanosekunde 700, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Kila kifuko hufyatuka mara moja tu, kisha seli nyingine huumbwa. Na hakihitaji amri ya mnyama. Ndiyo maana konyeza aliyekufa mchangani, au kipande cha mnyiri kilichonasa kwenye wavu, huwasha vilevile kama aliye hai. Watoto wanaochezea konyeza waliotupwa pwani waambiwe hivyo waziwazi.

Ukimgusa anemoni mdogo kwa ncha ya kidole, mara nyingi hutahisi maumivu bali kunata. Ule mnato ni nyuzi zinazofyatuka zikashindwa kupenya ngozi nene ya kidole. Usijaribu kwa mdomo, jicho wala ngozi laini ya ndani ya mkono.

Nimewashwa na konyeza. Nifanye nini?

Fuata mpangilio huu:

1. Toka majini. Mtu akipata maumivu makali huweza kuishiwa nguvu akazama, na hiyo ndiyo hatari ya kwanza.
2. Suuza kwa maji ya bahari, usisugue. Maji ya bomba yakimwagwa juu ya minyiri iliyonasa hubadilisha chumvi ghafla na vifuko ambavyo havijafyatuka hufyatuka.
3. Ondoa minyiri kwa koleo dogo au kijiti, ukinyanyua moja kwa moja. Usikwangue kwa kadi au kisu, maana mgandamizo hufyatua vifuko zaidi.
4. Ukishuku konyeza-sanduku, mimina siki nyeupe ya dukani, yenye asidi ya asetiki asilimia 4 hadi 6, kwa sekunde 30 au zaidi kabla ya kuondoa minyiri. Siki haipunguzi maumivu. Inazuia vifuko vilivyobaki visifyatuke. Usiiweke machoni.
5. Minyiri ikishatoka, tia sehemu iliyowashwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 42 hadi 45 kwa dakika 20 hadi 45. Huna kipimajoto? Kikombe 1 cha maji yanayochemka kwa vikombe 3 na nusu vya maji ya bomba ya pwani hutoa takriban nyuzi 44. Mtu mwingine ajaribu kwanza kwa kiwiko chake, kwani aliyewashwa hawezi kupima joto kwa ngozi inayouma.

Mkojo ni kosa. Chumvi yake hubadilika toka mtu hadi mtu, na mara nyingi hufanya kazi ya maji ya bomba, yaani kufyatua. Pombe, mafuta ya taa na kusugua kwa mchanga huongeza sumu badala ya kuitoa. Usifunge bandeji ya kubana pia.

Nenda hospitali bila kusubiri kama kuna kubanwa kifua, kupumua kwa shida, kutapika, kuvimba midomo au koo, kama jicho limeguswa, au kama alama zimefunika sehemu kubwa ya mkono au mguu wa mtoto. Moyo ukisimama, kandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika hadi msaada ufike.

Niliwahi kuwashwa zamani. Mara ya pili ni nafuu?

Usitegemee hivyo, yaweza kuwa mbaya zaidi. Mwaka 1901, Charles Richet na Paul Portier, wakiwa kwenye meli ya utafiti ya Mwanamfalme Albert I wa Monaco, walianza kuchunguza sumu ya Physalia, yule mwenye puto la buluu tunayemweleza hapa chini. Waliporudi Ufaransa waliendelea na sumu ya anemoni. Mbwa waliopona dozi ya kwanza walikufa kwa dozi ndogo tu ya mara ya pili, wiki chache baadaye. Hivyo ndivyo ulivyogunduliwa mzio mkali unaoweza kuua kwa dakika, na Richet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mtu aliyewahi kuvimba mwili mzima au kukosa pumzi baada ya kuwashwa amweleze daktari kabla ya kurudi baharini.

Pwani yetu ina wa hatari gani?

Anayeleta taabu mara nyingi ni Physalia, mwenye puto la buluu au zambarau linaloelea juu na minyiri mirefu kama uzi wa buluu chini. Huyu kwa hakika si konyeza. Ni Hydrozoa, na si mnyama mmoja bali koloni: wengine ni puto, wengine huwinda, wengine husaga chakula, wengine huzaa, na hakuna anayeweza kuishi peke yake. Hana uwezo wa kuogelea, upepo ndio unaomleta. Kwa huyu tegemea maji ya bahari na maji ya moto. Kuhusu siki, miongozo ya nchi mbalimbali haijakubaliana.

Konyeza-sanduku wapo pia. Utamjua kwa kofia yenye pembe nne na minyiri inayotoka kwenye pembe hizo tu. Chironex fleckeri, anayeua watu Australia, ni wa maji ya huko na Asia ya Kusini-Mashariki, lakini jamaa zake wadogo wasipuuzwe.

Kwenye mabwawa ya maji ya chumvi na vichaka vya mikoko kuna Cassiopea, anayelala chali juu ya mchanga, minyiri ikielekea jua. Hubeba mwani mdogo mwilini unaomlisha kwa mwanga, ndiyo sababu ya kulala vile. Ukipita karibu bila kumgusa unaweza bado kuwashwa, kwa sababu hutema ute wenye vijidonge vilivyojaa seli za kuwasha.

Na unaposikia "maji yanawasha" bila kuona kitu, mara nyingi ni vipande vya minyiri iliyokatika, au haidroidi, viumbe vinavyoota kwenye mwamba kama majani ya jimbi ya kahawia au meupe. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana huzuia karibu yote haya.

Hana ubongo. Anajuaje anakokwenda?

Ana mtandao wa neva uliosambaa mwilini, na kwenye ukingo wa kofia kuna vituo vidogo vya kupima mwanga na kujua juu ni wapi. Konyeza-sanduku ana macho 24 kwenye vituo vinne, na baadhi yana lenzi. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kuwa Tripedalia cystophora, wa mikoko ya Karibea, mwenye ukubwa wa ukucha, hujifunza kutokana na kugonga: akishapigwa mara chache na nguzo asizoziona vizuri, huanza kuzikwepa. Kujifunza bila ubongo. Moyo na damu pia hana. Oksijeni hupenya ngozi yake nyembamba, na zaidi ya asilimia 95 ya mwili ni maji.

Kwa nini kuna miezi wanajaa, kisha wanatoweka?

Hawatoki mbali kama wengi wanavyodhani, au angalau si wote. Konyeza tunayemwona ni nusu tu ya maisha yake. Dume na jike humwaga mbegu na mayai, kiluwiluwi kiitwacho planula huogelea siku chache, kisha hujibandika chini ya jiwe, kombe au chupa na kuwa polipu wa milimita chache. Polipu huyo huweza kukaa miaka, akijigawa na kuongeza wenzake. Hali ya maji ikibadilika, mwili wake hujikata vipande kama sahani zilizopangwa, na kila sahani huondoka kuwa konyeza mchanga. Polipu mmoja hutoa wengi, na polipu wa eneo zima hujikata kwa pamoja. Ndipo bahari hujaa ndani ya wiki chache. Upepo na mkondo huwasukuma kwenye ghuba, na hapo wavuvi huwakuta.

Binadamu amewarahisishia. Nguzo za gati, maboya na plastiki ni mahali pa kujibandika. Mbolea na maji machafu hulisha vijidudu wanavyokula. Na samaki wadogo wakivuliwa mno, mshindani wao anabaki na chakula chote. Namibia ndio mfano wa kutisha: baada ya dagaa wa huko kuvuliwa kupita kiasi, upimaji uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kama tani milioni 12.2 za konyeza dhidi ya tani milioni 3.6 za samaki. Oskarshamn, Sweden, mwaka 2013, konyeza waliziba mabomba ya maji ya kupozea hadi kinu cha nyuklia kikazimwa.

Je, yuko konyeza asiyekufa?

Turritopsis dohrnii, mwenye upana wa milimita chache, akijeruhiwa au kukosa chakula huweza kurudi kuwa polipu na kuanza upya. Ni kama kipepeo kurudi kuwa kiwavi. Lakini huliwa na kuugua kama wengine.

Ni kweli Ziwa Tanganyika lina konyeza?

Ni kweli, na wanastahili kujulikana kuliko wanavyojulikana. Jina lake ni Limnocnida tanganjicae, sahani angavu ya takriban sentimita 2 yenye minyiri mingi mifupi. Hawashi binadamu. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883, na R. T. Günther akamwandika rasmi mwaka 1893.

Konyeza ndani ya ziwa lililo mamia ya kilomita kutoka baharini aliwashangaza wataalamu wa wakati ule. J. E. S. Moore, aliyekuja kuchunguza mwaka 1896 na tena 1899, akiangalia pia konokono wa ziwa wanaofanana na wa baharini, alihitimisha kuwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Alikosea. Ziwa limetokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa na lina umri wa mamilioni ya miaka ya maji baridi. Wanyama hao walibadilika humohumo, na kufanana na wa baharini ni matokeo ya maisha ya ziwa kubwa na la kale. Siku ya maji matulivu, anayevuka kwa mtumbwi Kigoma, Bujumbura, Kalemie au Mpulungu aweza kuwaona wakipigapiga chini kidogo ya uso wa maji.

Konyeza analiwa?

China humla Rhopilema esculentum tangu zamani. Hukatwa minyiri, kofia ikapakwa chumvi na shabu kwa awamu kadhaa kwa muda wa wiki kadhaa, hadi maji yatoke na ibaki nyama ngumu ya kutafunika, kisha ikaloweshwa maji baridi kabla ya kuliwa. Usijaribu na konyeza uliyemwokota pwani. Si kila spishi inalika, na anayeokotwa kafa tayari ameanza kuoza.

Matumbawe hula nini, na hukua kasi gani?

Usiku polipu hufungua minyiri na kukamata planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea majini. Mchana hulishwa na wapangaji. Ndani ya nyama yake mna mwani wa seli moja uitwao zuzantela, kama milioni moja au zaidi katika kila sentimita ya mraba, unaogeuza mwanga kuwa sukari na kumpa mwenyeji hadi asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Yeye huulipa kwa makazi na kwa takataka zake, ambazo kwa mwani ni mbolea. Nguvu hizo ndizo zinazomwezesha kujenga kiunzi cha chokaa haraka kuliko bahari inavyokimomonyoa.

Matumbawe ya matawi, Acropora, huweza kurefuka sentimita 10 na zaidi kwa mwaka. Porites, yale ya duara kama mawe makubwa, huongeza takriban sentimita 1. Fanya hesabu: bonge la Porites lenye kimo cha mita 2 lilianza kukua kama miaka 200 iliyopita. Nanga moja iliyotupwa vibaya hulipasua kwa sekunde, na bomu la baruti hugeuza duara la mita kadhaa kuwa kokoto. Hizo kokoto ndizo balaa lenyewe, kwani hubiringika kwa kila wimbi na kuwaponda watoto wa matumbawe wanaojaribu kutua. Kwa hiyo shimo la baruti hubaki tupu miaka mingi hata uvuvi ukikoma.

Mbona mbele ya mdomo wa Rufiji au Sabaki hakuna miamba mizuri?

Matope na maji ya mto yasiyo na chumvi. Matumbawe ya kujenga miamba yanataka mwanga, chumvi isiyoyumba na joto la takriban nyuzi 23 hadi 29. Mto ukimwaga udongo, mwanga hukatika na chembe hufunika polipu, ambaye hutumia nguvu zake zote kujisafisha kwa ute. Ndiyo maana mmomonyoko wa mashamba ya bara ni jambo la mvuvi wa Malindi. Ipo aina nyingine ya matumbawe isiyohitaji mwanga: mwamba wa Røst, Norway, uliogunduliwa mwaka 2002, una urefu wa takriban kilomita 35 katika maji ya baridi na giza.

Kupauka ni nini? Tumbawe jeupe limekufa?

Bado halijafa, na tofauti hii ni muhimu sana kwa anayefuatilia mwamba wa kijiji chake. Rangi nyingi za matumbawe ni za wale wapangaji. Maji yakizidi joto, mwani ndani ya polipu huanza kuzalisha oksijeni yenye sumu, na polipu huufukuza. Nyama yake inabaki angavu, ukaona mfupa mweupe kupitia kwake. Hajafa, ana njaa. Joto likishuka ndani ya wiki chache mwani hurudi, ingawa tumbawe hilo huweza kukosa kuzaa msimu mmoja au zaidi. Joto likiendelea, hufa.

Kuhakiki: karibia bila kugusa. Jeupe linalong'aa, lenye vijidundu vya polipu na ute, liko hai. Lenye ukungu wa kijani au kahawia unaoota juu yake limekufa tangu siku au wiki kadhaa. Andika tarehe, kina na ni aina gani, na rudi baada ya wiki 4 hadi 6 mahali palepale.

Kizingiti kinachotumika duniani ni nyuzi 1 juu ya wastani wa mwezi wenye joto zaidi wa eneo husika. Joto hilo la ziada hujumlishwa kwa wiki: nyuzi 2 za ziada kwa wiki 4 ni 8. Jumla ikifika 4 tegemea kupauka. Ikifika 8 tegemea vifo vingi. Kwetu hatari huja mwishoni mwa kaskazi na wakati wa tangambili, Machi na Aprili, upepo unapokufa, jua likiwa kali na maji hayachanganyiki.

Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ya magharibi ilipata pigo kubwa kuliko yote yaliyokuwa yameandikwa hadi wakati huo, na Acropora ndiyo yaliyokufa zaidi. Mwaka 2016 yalipauka tena, na 2024 tena, ndani ya kupauka kwa dunia nzima kulikotangazwa Aprili mwaka huo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2021, ikiongozwa na David Obura wa CORDIO East Africa, shirika la utafiti wa bahari la Mombasa, iligawa eneo letu sehemu 11 na kukuta kila moja iko hatarini kuporomoka. Kila sehemu, bila kubakiza hata moja.

Joto la dunia kijiji hakiwezi kulizima. Lakini kinaweza kuamua kama mwamba utapona baada yake. Pono, tasi na kangaja hula mwani unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa, na kuacha mwamba safi ambao planula wanaweza kutua. Wakivuliwa wote, mwani hushika na mwamba haurudi. Kufunga sehemu kwa pweza au samaki, na kuacha juya la kukokota, kuna faida hiyo ambayo haionekani kwenye ndoo ya siku hiyo.

Nimegusa tumbawe la manjano likaniunguza. Matumbawe huunguza?

Hilo ni Millepora, ambalo si tumbawe la kweli bali Hydrozoa linalojenga chokaa. Lina rangi ya haradali, ncha nyeupe, uso laini usio na vishimo vya nyota. Tibu kwa maji ya bahari, kisha maji ya moto.

Mji Mkongwe umejengwa kwa matumbawe hai?

Kwa sehemu. Kuta nyingi za Unguja, Lamu na Kilwa Kisiwani ni mawe ya mwamba wa kale ulioinuka nchi kavu, yakiunganishwa kwa chokaa. Kwa kazi za nakshi, kama mihrabu na fremu za milango, mafundi walikata Porites hai kutoka majini, kwa kuwa likiwa bichi huchongeka kwa urahisi na likikauka hugumu. Mihrabu ya Kizimkazi ina maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Chokaa ni hesabu nyingine. Matumbawe yakichomwa kwenye tanuri la magogo hadi takriban nyuzi 900, hewa ya kaboni hutoka na kubaki chokaa hai, inayomwagiwa maji. Kuchoma matumbawe mapya leo kunaharibu mara mbili, baharini na kwenye mikoko inayokatwa kuwa kuni. Mawe ya machimbo ya nchi kavu hutoa chokaa ileile.

Samaki anayeishi ndani ya anemoni kwa nini haunguzwi?

Ute wake haufyatui vifuko. Spishi kama 10 tu za anemoni, kati ya zaidi ya 1,000, hupokea samaki hawa. Kwetu Amphiprion akallopisos, wa rangi ya waridi hafifu na mstari mweupe mgongoni, hukaa na Stichodactyla mertensii, anemoni anayeweza kupita mita 1 kwa upana. Samaki hufukuza wanaokula minyiri, kinyesi chake hulisha mwani ulio ndani ya anemoni, na yeye hupata ngome.

Ndani ya kila anemoni kuna jike mmoja mkubwa, dume wake, na wadogo wasiozaa. Jike akifa, dume hugeuka jike na mmoja wa wadogo huwa dume. Kumbe anayewakamata wakubwa kwa ajili ya biashara ya matangi anavunja ukoo mzima. Na anemoni, akipauka kwa joto, huwapoteza wote.

Umri? Anemoni aliyeokotwa Scotland na John Dalyell mwaka 1828 aliishi kwenye chombo cha kioo hadi 1887.

Tunataka kupanda matumbawe kijijini. Tuanzeje?

Anzeni kwa kuuliza kwa nini mwamba ulikufa. Kama baruti, juya au matope bado yapo, fedha yenu itazama. Kama sababu imekoma, pateni kibali cha mamlaka ya uvuvi au hifadhi, na kaeni na kamati ya wavuvi wa eneo.

Kusanyeni vipande vilivyokwisha kuvunjika vyenyewe, vya sentimita 5 hadi 10, kutoka makoloni 10 au zaidi tofauti. Wengi hukosea hapa: hukata koloni moja zuri mara mia, na joto likija vyote hufa siku moja kwa kuwa ni mwili mmoja. Vibebeni kwenye ndoo ya maji ya bahari, kivulini. Vifungeni kwenye kamba au meza ya vyuma mita 3 hadi 6 chini ya maji, vikiachana sentimita 10 hadi 15, juu ya mchanga ili viti vya pweza na konokono Drupella, walaji wa matumbawe, wasivifikie kirahisi. Pigeni brashi mwani kwenye kamba kila wiki moja au mbili. Kazi hii ikiachwa mwezi mmoja vipande hufunikwa. Baada ya miezi 6 hadi 12 vihamishieni kwenye mwamba mgumu, uliosuguliwa hadi mweupe, kwa saruji nzito kama udongo wa mfinyanzi. Tunapendelea Septemba hadi Novemba, kusi ikishalegea na joto halijapanda. Kipande kinachotikisika kwa kidole hakitaota, kirudieni.

Tumeona kiti cha pweza kikubwa chenye miiba kikila matumbawe. Tukikate?

Hapana, vipande vyake huweza kuota upya. Acanthaster hutoa tumbo lake nje, huyeyusha nyama ya polipu na kuacha doa jeupe lenye mpaka mkali. Wachache ni sehemu ya mwamba. Wakizidi, wanaweza kuumaliza. Njia iliyothibitika ni sindano moja ya mililita 10 ya myeyusho wa chumvi za nyongo, au kuwatoa kwa ndoano ndefu na kuwazika nchi kavu. Miiba yake ina sumu, glavu za kawaida hazitoshi. Adui yake, konokono mkubwa Charonia, ndiye yule anayeuzwa kwa watalii kama pambo.

Naweza kununua au kusafirisha matumbawe? Na marijani?

Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali, forodha hunyang'anya. Marijani ya shanga, ile marijani ya fedhaluka ya mabibi, ni Corallium rubrum la Bahari ya Mediterania, halitoki kwenye miamba yetu.

Nataka kuwaona bila kupiga mbizi. Niende lini?

Chagua bamvua, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Unguja na Dar es Salaam maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Fika saa moja na nusu kabla na fuata maji yanavyorudi. Vaa viatu vyenye soli ngumu, tembea juu ya mchanga tu, na jiwe ulilolifunua lirudishe upande uleule. Usitegemee kuona maua wazi: anemoni aliyeachwa na maji hujikunja akabaki kinundu cha ute, chenye rangi ya zambarau au kijani, ambacho wengi hukipita. Weka alama mahali ulipomwona, kisha rudi maji yakianza kujaa na kufika magotini. Atakuwa amefunguka.